Darasa la kawaida, kitengo, shule maalumu au nyumbani: zipime kwa saa ngumu za mtoto

Mwanangu, mwenye usonji (autism), alifika umri wa darasa la kwanza akiwa tayari anasoma. Alisoma kila kibao, kila pakiti, kila gari lililopita. Basi tulipotafuta shule tuliuliza yale ambayo kila mzazi huuliza: wanafundishaje, darasa lina watoto wangapi, matokeo yao yakoje. Tukapata shule nzuri kweli. Wiki ya tatu tukaitwa, na hakuna aliyelalamikia masomo. Kilichomshinda mtoto kilikuwa kengele. Ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa nje ya dirisha la darasa lake, na kuisikia kulikuwa nusu tu ya tatizo, maana alikuwa anaisubiri. Dakika kumi kabla haijalia alikuwa ameshaziba masikio, penseli iko sakafuni. Mwalimu akaandika kwenye daftari: "Hataki kufanya kazi."

Kati ya darasa la awali na la tatu tumepita darasa la kawaida mara mbili, miezi minane ya kusomea nyumbani, kisha kitengo. Shule maalumu tuliitembelea mara nne na nusura tumpeleke. Nimesoma ulinganisho mwingi unaozipanga njia hizi kwa faida na hasara, na karibu wote ulinipoteza, kwa sababu ulizungumzia shule kana kwamba siku nzima ni somo. Mwanangu hajawahi kuvunjikia kwenye somo. Huvunjikia langoni, kwenye mapumziko, chooni, na jioni akisharudi. Kwa hiyo hapa naziweka njia hizo kando kwa kando kwa saa hizo.

Njia zenyewe ni nne, na ya kwanza ina sura mbili. Kuna darasa la kawaida, mtoto akiwa peke yake au akiwa na mwalimu msaidizi, ambaye wengi humwita mwalimu kivuli. Kuna kitengo, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya uzio wa shule ya kawaida. Kuna shule maalumu, ambako watoto wote wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Halafu kuna nyumbani.

Kwanza, ile ripoti ya uchunguzi wa usonji

Mwaka 2013 mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliyakusanya majina yaliyokuwa yametengana, Asperger likiwemo, ukayaita yote usonji na kuweka ngazi tatu za msaada ambao mtu anauhitaji. Wazazi wengi, nami nikiwemo, tuliigeuza ngazi ikawa tiketi: ya kwanza shule ya kawaida, ya tatu shule maalumu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ngazi haipimi akili, na mtoto mmoja anaweza kuhitaji msaada kidogo kwenye hesabu na msaada mkubwa sana kwenye foleni.

Mwongozo huohuo ndio ulioingiza hisi kwa mara ya kwanza kwenye vigezo vya usonji: mtoto anayesikia, kunusa au kuhisi mguso kupita kiasi, au chini ya kiasi. Ukiwa na ripoti mkononi, anza na ukurasa huo. Kengele yetu ilikuwa imeandikwa pale tangu mwanzo, "huziba masikio kwa sauti za ghafla." Tuliisoma sentensi hiyo tukaipita, tukakimbilia kwenye ngazi.

Langoni asubuhi

Shule ya kawaida ndiyo yenye lango gumu kuliko zote. Watoto mamia wanaingia kwa mara moja, mabegi yanagonga, mtu anapuliza filimbi, na mtoto hajui leo foleni itaanzia wapi. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: afike dakika kumi na tano kabla ya wenzake, au dakika tano baada yao, apite mlango uleule, apokelewe na mtu yuleyule. Shule inayokataa hata hilo imeshakujibu maswali yako mengine yote.

Kwenye kitengo, mtoto hupita lango hilohilo la mamia, lakini kwa kawaida kuna mtu anayemfahamu upande wa pili. Shule maalumu hapa inashinda bila ubishi. Nilizoona hupokea mtoto mkono kwa mkono, na lango hufungwa nyuma yake. Jambo hilo la kufunga usilidharau. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4. Mtoto anayetoroka mara nyingi hufuata anachokipenda, na wengi hupenda maji. Kwa hiyo uliza nani ana ufunguo, nani anahesabu watoto baada ya mapumziko, na kama kuna kisima, bwawa au mtaro karibu. Kama wako ni mkimbiaji, swali hili linatangulia mtaala.

Kuna na lango la aina nyingine, la kukataliwa. Azimio la Salamanca la mwaka 1994, lililopitishwa Uhispania na wawakilishi wa serikali 92, lilisema shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 kikaifanya elimu jumuishi kuwa haki. Nimeitumia karatasi hiyo mara moja kumfungulia mwanangu mlango, na mlango ukafunguka. Ila ndani hapakuwa na mtu aliyetaka awepo, na siku kumi na nne baadaye nilimtoa mwenyewe.

Darasani

Watu hudhani tofauti kubwa iko hapa. Kwangu ni ndogo kuliko wanavyodhani, kwa sababu mengi yanategemea mwalimu mmoja na mdomo wake. Jaribu hili: mwalimu anamuuliza mtoto swali, kisha anahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watoto wengi wenye usonji hulichakata swali polepole, na jibu hufika baada ya sekunde kadhaa. Mwalimu asiyejua hili hurudia swali kwenye sekunde ya tatu kwa maneno mengine, na mtoto anaanza upya. Mara tatu hivi, mtoto analia, na mwalimu anasema hajui. Mwalimu wa kawaida anayejua kunyamaza ni bora kuliko mwalimu wa elimu maalumu asiyejua.

Darasa la kawaida lina kitu kimoja ambacho hakipatikani pengine: masomo yote yapo. Hakuna anayemwondolea mtoto sayansi kwa kumhurumia. Mwalimu kivuli anaweza kulifanya darasa hilo liwezekane, anaweza pia kuliharibu. Wa kwanza tuliyempata alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Nilikaa nyuma ya darasa asubuhi moja nikamwona akimtolea kitabu, akimfungulia ukurasa, akimnyooshea kidole neno, na mwalimu wa darasa alipouliza, "Nani anajua?" akajibu yeye kwa niaba ya mtoto. Kwa saa mbili mwalimu wa darasa hakulitamka jina la mwanangu hata mara moja. Mtoto alikuwa wa kivuli; kivuli kikiumwa, mtoto anabaki nyumbani. Wa pili alikaa safu mbili nyuma na kusogea pale tu penseli ilipoanguka. Malipo yalikuwa yaleyale, kazi mbili tofauti kabisa. Ukimwajiri mtu, mwambie siku ya kwanza kwamba utampima kwa jinsi anavyozidi kutohitajika.

Kitengo na shule maalumu, zikiwa nzuri, huwa na kile ambacho darasa la kawaida halina: siku inayoonekana kwa macho. Meza ambayo niliipenda kuliko zote niliiona kwenye shule maalumu. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, kushoto kuna trei tatu, kulia kuna kikapu. Mtoto anachukua trei ya juu, anafanya kazi iliyomo, anaitia kikapuni, anachukua inayofuata. Trei zikiisha, kazi imeisha, na picha ya bembea iliyobandikwa mwishoni inamwambia kinachofuata. Hakuna aliyesema neno. Mpangilio huo una asili yake kwenye TEACCH, programu ya kuwafundisha watu wenye usonji ambayo Eric Schopler aliianzisha North Carolina, Marekani, mwaka 1972, na hauhitaji kifaa chochote cha kuagiza. Hata darasa la kawaida linaweza kuwa na meza moja kama hiyo. Nyumbani sisi tulitumia maboksi ya viatu.

Hatari ya njia hizi mbili ni matarajio madogo. Kwenye trei za mtoto mmoja wa miaka 9 niliona vifungo vya kuchambua kwa rangi, kazi ambayo bila shaka aliiweza tangu ana miaka 3. Alikuwa mtulivu, ndiyo maana hakuna aliyeona tatizo. Omba uone kazi za mtoto mmoja za mwaka jana na za mwaka huu. Zikifanana, ondoka.

Kwa asiyeongea bado, swali la darasani ni moja: anaombaje maji? Kama jibu ni "tunajua tu," hapafai. Kadi za picha, kwa mfano zile za PECS, ambazo mtoto humkabidhi mtu picha ya anachokitaka, na ambazo Andy Bondy na Lori Frost walizianzisha mwaka 1985, au kishikwambi kinachotoa sauti, haziui maneno. Tafiti zilizoliangalia jambo hilo hazikukuta kwamba mawasiliano ya picha huzuia mtoto kuongea. Hofu hiyo ilituchelewesha mwaka mzima, na bado nawasikia walimu wakiieneza: "Mkimpa picha atakuwa mvivu wa kuongea." Vivyo hivyo usimweke nyumbani ukisubiri aongee kwanza ndipo aanze shule. Temple Grandin, profesa wa Marekani mwenye usonji, alikaribia miaka 4 kabla ya kuongea.

Mapumziko

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kwa watoto wengine mapumziko ni zawadi. Kwa mtoto mwenye usonji ni nusu saa isiyo na ratiba, yenye sheria zinazobadilika bila tangazo na kelele kutoka kila upande.

Nilimchungulia mwanangu kupitia uzio siku kadhaa. Alitembea kando ya ukuta, kidole kikipita kwenye viungo vya matofali, anahesabu, anafika kona, anarudi. Nusu saa nzima. Nilirudi nyumbani nikalia, nikamlaumu mwalimu, nikaomba apangiwe marafiki. Baadaye, alipokuwa ameanza kueleza mambo, alisema ukuta ndio ulikuwa sehemu nzuri ya shule. Kumbe alikuwa anapumzika, mimi ndiye niliyekuwa mpweke. Lakini binti wa rafiki yangu, mwenye usonji pia, hutaka sana kucheza na hajui kuingia kwenye mchezo, basi husukuma watoto ili wamkimbize. Yeye huandikiwa "mkorofi." Ukuta uleule ungemuua kwa huzuni. Mjue kwanza wako ni yupi.

Kwenye darasa la kawaida mapumziko huwa hayana mwenyewe. Mwalimu kivuli naye mara nyingi ndiyo saa yake ya chai, au anamfuata mtoto kila hatua mpaka wenzake wanakimbia, maana hakuna mtoto anayecheza na mtu mzima amesimama juu yake. Shule nzuri hutoa kona tulivu iliyo wazi kwa mtoto yeyote, na huwafundisha wenzake pia. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti mwenye usonji mwenyewe, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wasio na usonji nao hushindwa kumsoma mwenye usonji. Shule nyingi hutibu upande mmoja tu.

Kitengo nacho kina kosa moja ambalo nimeliona mahali pengi mno. Wanasema, "Sisi tunawachanganya." Uliza saa ngapi. Utakuta wanachanganywa mstarini asubuhi, kwenye mapumziko na kwenye michezo, yaani nyakati tatu zenye kelele kuliko zote, halafu wanatengwa kwenye hesabu na kusoma, ambako wengi wao wangeweza kukaa na wenzao kwa utulivu. Ni kichwa chini miguu juu. Kitengo kinachomtuma mtoto kwenye hesabu za darasa la pili kisha kinamrudisha kwake wakati wa mapumziko, hicho kimewaza.

Shule maalumu ina uwanja mtulivu na watu wazima wengi zaidi. Lakini kama wenzake wote ni wa kutembea kando ya ukuta, mtoto anayetamani kucheza atakosa wa kucheza naye. Nyumbani mapumziko hayapo. Yapo yale utakayoyatengeneza, na miezi minane yetu ilinifundisha kwamba mama aliyechoka si rika la mtu.

Chooni

Fupi lakini ndiyo iliyoamua kwetu. Mtoto asiyeweza kusimulia kilichotokea ni rahisi kudhuriwa, na chooni hakuna shahidi. Uliza nani anampeleka, kama ni mmoja au wawili, kama mlango unaonekana kutoka mahali penye watu. Uliza pia wanafanyaje akijichafua. Wapo watoto ambao hujizuia siku nzima kwa sababu ya harufu au sauti ya maji, na mzazi huona tumbo linauma bila sababu. Kwa sababu hii hasa sishauri bweni kwa mtoto mdogo asiyeongea, hata shule iwe na sifa kiasi gani.

Jioni

Mwalimu anasema, "Hapa ni mtulivu kabisa, tatizo liko kwenu." Ukisikia hivyo usijilaumu kwanza. Watoto wengi, na wasichana hasa, hujifunza kuficha: wanaiga wenzao, wanabana mikono isipepee (wengi huipunga harakaharaka ili wajitulize), wanajibu kwa sentensi walizokariri. Ni kama kubeba maji kwa viganja siku nzima. Anayaachia akifika mlangoni kwa mama. Mwanangu alikuwa akivua viatu, anaanza kupiga kichwa ukutani. Tulipohamia kitengo, walimu walilalamika wiki ya kwanza kwamba anapiga kelele darasani, na mimi nikafurahi, kwa kuwa nyumbani palikuwa pametulia. Alikuwa ameanza kuyaachia maji hukohuko yalikochotwa.

Kwa hiyo shule ikikuambia inatoa "tiba ya tabia," uliza wanamfanyaje mtoto anayepepea mikono. Wakisema wanaizuia, wanamfundisha kuficha, na bili utailipa wewe jioni. Watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hiyo wamelisema hili kwa miaka mingi.

Ningemweka nani wapi

Anayeongea, anayefuata masomo, anayevunjwa na kelele na mabadiliko: darasa la kawaida, tena dogo. Kabla ya kuajiri mtu yeyote, badilisha mazingira. Aketi mbali na dirisha la kengele, aonyeshwe saa ya ukutani, apewe kadi ya kuomba kutoka bila kusema. Shule ya pili ilimwambia tu mwanangu, "Ikifika hapa mshale, italia," na nusu ya tatizo ikaisha.

Asiyeongea bado lakini anapenda kuwa karibu na watoto: kitengo kinachochanganya kwa somo. Anayetoroka, anayejiumiza, asiyejua hatari: shule maalumu ya kutwa, yenye uzio na watu wa kutosha, angalau kwa miaka miwili ya mwanzo. Na aliyekwisha kuvunjika, anayetapika asubuhi akiona sare: nyumbani, ila tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kalenda siku hiyohiyo ya kuanza. Sisi hatukuiandika, ndiyo maana miezi miwili ikawa minane.

Nakiri nina upendeleo wa kitengo, na upendeleo huo unatokana na mwalimu mmoja. Tulikwenda kuwatembelea saa ya mapumziko, tukiwa tumekwepa makusudi saa ya ofisini. Nikamuuliza swali ambalo sasa namwambia kila mzazi aulize: mtoto wenu wa mwisho aliyezidiwa, mlifanyaje? Shule mbili zilizotangulia zilikuwa zimenijibu kwamba kwao hakuna anayezidiwa. Yeye alitupeleka nyuma ya kabati. Palikuwa na godoro kuukuu, pazia, na mto uliochanika pembeni.

"Jumanne," alisema. "Aliingia humu dakika ishirini. Mimi nilikaa pale mlangoni, sikusema kitu, nikasahihisha madaftari mpaka akatoka mwenyewe."

Mwanangu alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia. Tulijaza fomu siku hiyohiyo.